Usiseme "samani" tu: namna ya kutaja vitu vya ndani kwa fundi, mwenye nyumba na mwenye gari

Mkataba wa kwanza wa kupanga nilioutia saini ulikuwa na mstari mmoja tu kuhusu vitu vya ndani: "Nyumba inapangishwa pamoja na samani." Nilifurahi, nikalipa kodi ya miezi sita, nikahamia. Ubishi ulianza siku ya kutoka. Mwenye nyumba alihesabu godoro, mapazia na jiko la gesi kuwa miongoni mwa samani zake. Mimi nilijua godoro lilikuwa langu, kwa sababu la kwake lilikuwa limebonyea katikati nikalitoa kwa ruhusa yake, ruhusa ya mdomo. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alikuwa na maana yake ya neno samani, na karatasi tuliyoisaini haikumsaidia yeyote kati yetu.

Samani ni neno la gunia. Linafaa kwenye kibao cha duka. Mbele ya fundi, mwenye nyumba au mwenye gari la kuhamisha mizigo, gunia hilo sharti lifunguliwe, na kila kilichomo kitajwe kwa jina lake. Hizi ndizo hatua ninazofuata mimi.

Hatua ya 1: Lijue neno lenyewe

Samani limetufikia kutoka Uajemi na Bara Hindi. Mpaka leo Mhindi akisema saman anakusudia mizigo au vitu vyake kwa jumla, hata begi la safari. Waswahili tulipolipokea tulilibana maana, tukaliachia viti, meza, vitanda, makabati na vingine vya jamii hiyo. Fanicha ni jina la pili la vitu hivyohivyo, tulilolitoa kwa Waingereza. Nairobi na Mombasa utalisikia hilo zaidi. Tanzania, mtaani watu husema fenicha, lakini kwenye barua za ofisi na matangazo ya zabuni huandikwa samani. Yote yanaeleweka.

Samani haibadiliki katika wingi: samani hii, samani hizi, samani za ofisi, samani zangu. Mara nyingi hutumika kwa wingi, kwa kuwa ni nadra mtu kuzungumzia kitu kimoja akakiita samani. Akiwa na kiti kimoja husema kiti. Ukisikia mafenicha, hayo ni ya mazungumzo, usiyapeleke kwenye mkataba.

Kosa linaloniumiza macho kila nipitapo barabarani ni lile la "duka la thamani za ndani". Thamani ni bei au ubora wa kitu, neno lenye asili ya Kiarabu. Samani ni vitu vyenyewe. Nadhani waandishi wa vibao hudhani kwamba "th" inalifanya neno liwe fasaha zaidi. Sentensi moja inatosha kukaa nayo kichwani: samani hizi zina thamani kubwa.

Majina ya vitu vyenyewe yamepita njia mbalimbali kufika sebuleni. Kiti, kitanda na kigoda ni Kibantu. Meza tuliipata kwa Wareno, sanduku kwa Waarabu, kochi kwa Waingereza. Mengine yametoka sebuleni yakaenda kwenye utawala: anayeongoza kikao ni mwenyekiti, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kilichoanzishwa mwaka 2008, ambapo kigoda maana yake ni kiti cha heshima cha kitaaluma. Huko Lamu kiti cha enzi kilikuwa kiti hasa: mbao nyeusi iliyopambwa kwa vipande vya pembe, na makalio, yaani sehemu ya kukalia, ya kamba zilizosukwa, akikalishwa mgeni wa heshima.

Hatua ya 2: Amua kipi ni samani na kipi si samani

Mimi hutumia maswali mawili. La kwanza: kinahamishika bila kubomoa ukuta? La pili: kazi yake ni kukaliwa, kulaliwa, kuwekewa vitu juu au kuhifadhi vitu ndani? Kikipata ndiyo mbili, kwa kawaida ni samani, ingawa vipo vya kutenga kama utakavyoona.

Kabati la nguo linalosimama peke yake ni samani. Kabati lililojengewa ukutani ni sehemu ya nyumba, na mpangaji asiling'oe hata kama alilipia mwenyewe, isipokuwa mmekubaliana. Nyumba za kale za Lamu zina zidaka, yale mashubaka ya chokaa yaliyopangwa safu kwa safu ambamo wenyewe walipanga sahani za kaure. Kazi yake ni ya kabati, lakini ni ukuta, hayahami.

Stendi ya televisheni ni samani, televisheni ni kifaa cha umeme. Friji na jiko navyo ni vifaa. Sufuria, sahani na vikombe ni vyombo, ingawa wazee wetu wakisema "vyombo vya nyumba" hujumuisha hata kitanda. Zulia, mkeka, jamvi na mapazia si samani. Godoro ndilo lenye utata. Wapo wanaolihesabu pamoja na kitanda, wapo wanaoliweka upande wa matandiko pamoja na shuka na foronya. Kwa kuwa watu hawatakubaliana, usiliache likae bila kutajwa. Andika "kitanda bila godoro" au "kitanda na godoro lake la inchi 8", basi.

Kuna maneno mengine ya mtego. Stuli kwa huyu ni kiti kidogo kisicho na mgongo, kwa yule ni kijimeza cha kuwekea kikombe cha chai cha mgeni. Kochi kwa mmoja ni kiti cha mbao chenye mito, kwa mwingine ni sofa nzima iliyovikwa kitambaa. "Seti ya sofa" haisemi ni watu wangapi watakaa. Sema "sofa ya watu saba", kisha ifungue: moja la watu watatu, moja la watu wawili, mawili ya mtu mmoja mmoja.

Hatua ya 3: Jifunze majina ya viungo, uanze na kitanda

Hapa ndipo Kiswahili kimejaa utajiri, na ndipo wengi wetu tumekuwa maskini. Kitanda cha zamani cha Mswahili kina jina kwa kila kiungo. Miguu yake ni matendegu, mmoja ni tendegu. Mbao mbili ndefu za ubavuni ni mifumbati. Mbao fupi za upande wa kichwa na upande wa miguu ni vitakizo. Upande wa kulaza kichwa ni mchago, na mtu akiwa na kitu cha kuficha hukiweka mchagoni, chini ya mto. Kitanda cha kamba huwambwa, na kamba zake zilikuwa za ukindu au za makumbi ya nazi. Kilichokuwa na mapambo na paa la kitambaa kiliitwa kitanda cha besera.

Kitanda cha leo hakina kamba. Kina chaga, yaani zile mbao nyembamba za kukingama ambazo godoro hukalia. Na chaga ndizo zilizonifunza mimi.

Niliagiza kitanda cha mninga kwa fundi mtu mzima, mwenye mikono mizuri. Nikalipa kianzio, nikangoja wiki tatu. Kikaja kizuri, kinang'aa. Miezi minne baadaye chaga mbili zilikatika usiku, na asubuhi nilipogeuza kitanda nikaona chaga zote na mifumbati yote ni mbao laini nyeupe iliyopakwa rangi ya mninga. Nilimrudia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mninga uliouona ndio huo wa mchagoni. Kwingine hukusema." Nilikasirika, na bado naamini alipaswa kuniuliza. Lakini ni kweli sikusema. Sikuwa hata na neno la kusemea. Nilikuwa nalala juu ya mifumbati tangu utotoni bila kujua kwamba inaitwa mifumbati.

Fundi akikuambia haya majina ya kale hayatumii, usimlazimishe. Mwonyeshe kwa kidole, mkubaliane: yeye akiita "mbao za pembeni", andika mbao za pembeni. La msingi ni kwamba kila kiungo kina jina mlilolikubali nyote wawili.

Kwa kabati, taja milango, rafu, bawaba, kitasa na droo. Droo kwa Kiswahili cha zamani ni mtoto wa meza, jina ninalolipenda kwa jinsi linavyoonyesha kitu kikitoka na kurudi tumboni mwa mama yake. Uliza pia ubao wa mgongo wa kabati ni wa nini. Wengi huweka ubao mwembamba sana huko nyuma kwa kuwa mteja haangalii.

Kwa sofa, uliza vitu vinne ambavyo kitambaa kinavificha: fremu ni ya mbao gani, chini ya makalio kuna springi au mikanda ya raba, sponji ni nzito au nyepesi, na kitambaa kinavulika kwa zipu au kimeshonewa moja kwa moja. Sponji nyepesi hubonyea mapema. Ikandamize kwa ngumi ukiwa dukani, uone inarudi haraka au inasuasua.

Hatua ya 4: Taja mbao kwa jina

"Mbao ngumu" si jina la mbao. Mninga una rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, hausinyai sana ukikauka, ndiyo maana maseremala wa Tanzania wanaupenda kwa milango na vitanda. Mkongo ni mzito na hustahimili sana. Mvule huanza na umanjano kisha hukolea kuwa kahawia. Mtiki, ambao wengine huuita msaji, hupandwa katika mashamba ya serikali kama Longuza huko Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro. Paina hutoka kwa wingi Sao Hill, Mufindi. Kenya utakutana sana na saiprasi na mahogani.

Paina si mbao mbaya. Ni nyepesi, bei yake inavumilika, na ikitiwa dawa hukaa. Ubaya ni kuiuza kwa jina la mninga. Namna rahisi ya kuitambua ni kugeuza kitu juu chini na kutazama pale ambapo vanishi haikufika, kisha kukandamiza ukucha. Ukucha ukiacha alama kwa urahisi, hiyo ni mbao laini, hata iwe imepakwa rangi gani.

Hata mninga wa kweli una sehemu mbili. Kiini chake chenye rangi hustahimili wadudu. Ile sehemu nyeupe ya pembeni, karibu na gome, huliwa na bungua. Ukiona vitundu vidogo kama vya sindano na unga laini sakafuni, bungua wameshaingia. Kwa hiyo mwambie fundi hutaki ubao wenye weupe.

Muulize pia kama mbao ni kavu. Mbao mbichi hukauka ikiwa tayari ndani ya nyumba yako, na hapo hupinda, viungo huachia, mlango wa kabati hukataa kufunga. Ubao mbichi ni mzito kupita kiasi na ukiugusa unahisi ubaridi.

Siku hizi kuna pia mbao za kiwandani: plaiwudi, chipbodi, na MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa. Zinafaa kwa makabati ya ndani na meza za ofisi. Chipbodi na MDF ya kawaida haziwezi maji. Kabati la chini ya sinki likitengenezwa kwa chipbodi tupu, maji yakivuja huvimba kama mkate kwenye chai, na halirudi tena hali yake.

Hatua ya 5: Pima, na useme unapima wapi

Vitanda vyetu hupimwa kwa futi: tatu na nusu kwa sita, nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita. Hivyo ni vipimo vya godoro. Mwambie fundi "tano kwa sita kwa ndani", maana akipima kwa nje, unene wa mbao utakula nafasi na godoro litakunjamana. Na kama godoro lako limetoka nje, soma lebo yake. Mengi ni ya sentimita 150 au 160 kwa 200, na sentimita 200 ni ndefu kuliko futi 6, ambazo ni kama sentimita 183. Kitanda cha sita kwa sita kinahitaji mhimili wa katikati wenye mguu wake, la sivyo chaga zitalegea.

Meza ya chakula huwa na kimo cha sentimita 75 hivi, na makalio ya kiti sentimita 45. Tofauti ya sentimita 30 kati yao ndiyo inayoacha nafasi ya mapaja. Ukinunua meza sehemu moja na viti sehemu nyingine, pima tofauti hiyo kabla ya kulipa. Kila mlaji anahitaji kama sentimita 60 za ukingo wa meza. Kumbuka pia kupima mlango wa nyumba na kona ya ngazi. Nimeona sofa ya kona ikikaa barazani siku nzima kwa sababu hiyo.

Hatua ya 6: Andika oda

Uwe Keko jijini Dar es Salaam, uwe Ngong Road au Gikomba jijini Nairobi, utakuta mafundi wamejipanga na kazi zao zinaonekana. Chagua unayempenda kwa kazi uliyoigusa, kisha mwandike pamoja karatasi moja, nakala mbili. Fundi mzuri haudhiki kwa hilo. Oda iliyo wazi inamlinda yeye pia na mteja anayebadilisha maneno siku ya kuchukua mzigo.

Oda yangu ya kitanda cha pili ilikuwa hivi:

"Kitanda 1, futi 5 kwa 6 kwa ndani. Matendegu, mifumbati, ubao wa mchagoni na wa miguuni: mninga mkavu, bila weupe. Chaga 12 za paina iliyotiwa dawa, inchi 1 kwa 4, nafasi kati yake isizidi inchi 2½. Mifumbati iunganishwe kwa bolti, si misumari. Vanishi isiyo ya kung'aa. Mteja ataona kitanda kabla hakijapakwa vanishi. Bei yote, kianzio, baki, tarehe ya kukabidhi. Bei haina usafiri wala godoro."

Mstari wa kuona kabla ya vanishi ndio wenye nguvu kuliko yote. Rangi ikishapakwa, paina na mninga ni ndugu. Fundi anayejua utakuja kutazama mbao tupu atachagua mbao vizuri tangu mwanzo. Nenda kweli siku hiyo. Tikisa kitanda, kaa juu yake, pitisha kiganja kila mahali uone kama msasa umepita, geuza droo uone imeunganishwa kwa nini.

Hatua ya 7: Fungua gunia kwenye mkataba wa nyumba

Ukipanga nyumba yenye samani, omba orodha iambatanishwe na mkataba. Mwenye nyumba asipokuwa nayo, iandike wewe, chumba kwa chumba, mkitembea pamoja. Andika idadi, kitu na hali yake: "viti vya chakula 6, kimoja kina mguu uliolegea". Weka vichwa vitatu tofauti: samani, vifaa vya umeme na gesi, matandiko na mapazia. Hapo neno samani litabaki na maana yake, na mengine yatakuwa na mahali pake. Piga picha, mtie saini nyote. Kitu kikitolewa au kikiletwa baadaye, hata kwa ruhusa, ongezeni mstari na tarehe.

Hatua ya 8: Siku ya kuhama

Mwenye kirikuu, lile gari dogo la mizigo, au lori akikuuliza una nini, usimjibu "samani tu, kidogo". Atakupangia bei ya samani, na akifika akakuta friji, madumu, maboksi ya vyombo na mapipa, mtaanza upya mapatano mlangoni, wewe ukiwa umeshatoa nusu ya vitu nje. Mtajie: kitanda kimoja cha tano kwa sita kinachofunguka, kabati la milango mitatu, sofa ya watu saba, friji, maboksi kumi. Muulize pia kama bei ina wapagazi, na kama wanapanda ghorofa.

Kitanda chenye bolti kifungueni kabla gari halijafika. Andika kwa penseli upande wa ndani wa kila mfumbati, kulia au kushoto, na mwelekeo wa mchagoni. Funga chaga zote fungu moja kwa kamba. Bolti na spana yake zitie kwenye kifuko, ukifunge kwa utepe kwenye tendegu mojawapo, ili usiku wa kwanza katika nyumba mpya usilale chini kwa kukosa bolti nne.